Itafanya, itajitahidi

Kwa miaka mingi nimekula kwa maneno ya watu wengine. Mimi ni mkalimani. Nakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti masikioni, na hotuba za waheshimiwa zinaniingia kwa lugha moja na kunitoka mdomoni kwa lugha nyingine. Ni kazi inayokuzoesha kutokuwa na maoni. Ukianza tu kubishana kimoyomoyo na anayezungumza, ameshakuacha sentensi mbili nyuma, na sentensi mbili hazifukuziki.

Maoni huja usiku, unapopitia nyaraka za kesho. Usiku mmoja nilipewa rasimu ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Upande mmoja walikuwa wenye nazo, na upande wa pili nchi ambazo kwa adabu huitwa zinazoendelea. Sitasema ulikuwa mkutano gani, maana kazi yetu ina miiko yake. Rasimu ilikuwa ya kurasa mia mbili na ushee. Kwa kuwa vitenzi ndivyo vinavyomwangusha mkalimani, nina mazoea ya kuvipigia mstari kwa kalamu za rangi: nyekundu kwa "itafanya", kijani kwa "itajitahidi kufanya". Nilipofika ukurasa wa arobaini nikaweka kalamu chini. Karibu wekundu wote ulikuwa upande mmoja. Nchi zinazoendelea zitaondoa ushuru, zitafungua zabuni za serikali kwa kampuni za nje, zitalinda hataza, zitatoa taarifa ndani ya siku tisini. Nchi tajiri zitajitahidi kusaidia, zitazingatia hali ya wenzao, zitatafuta njia za kuhamisha teknolojia pale itakapowezekana.

Tangu usiku ule siwezi kusoma habari yoyote ya utandawazi bila kwanza kutafuta kitenzi.

Anayedhani haya ni mambo ya walimu wa sarufi akumbuke tarehe 12 Desemba 2015, karibu na Paris. Karibu nchi 200 zilikuwa zimebishana wiki mbili kuhusu tabianchi, na maandishi ya mwisho yakagawiwa mchana. Wanasheria wa Marekani walipofika ibara ya 4, aya ya 4, wakakuta kwamba nchi zilizoendelea "zitaendelea" kuongoza kwa kupunguza gesijoto katika uchumi wao wote. Neno hilo moja lingeupa mkataba nguvu ya kisheria ambayo huenda ingelazimu upelekwe kwenye Seneti yao, na kila mtu ukumbini alijua Seneti ile ingeufanya nini. Kikao cha mwisho kikachelewa, watu wakasimama vikundi vikundi. Kisha ofisa wa sekretarieti akasoma orodha ya masahihisho madogo madogo, na katikati ya orodha, kwa sauti ileile ya kusahihisha mkato na nukta, "zitaendelea" ikawa "zinapaswa kuendelea". Nyundo ikagongwa, watu wakakumbatiana.

(Kwetu sisi wa Kiswahili kuna kichekesho humu. Mtu akikwambia "unapaswa" amekushika ukosi, na neno lina uzito kuliko "utafanya". Kwa Kiingereza cha mikataba ni kinyume kabisa, kupaswa ni nasaha tu. Nimewahi kumsikia mjumbe akishangilia ibara kwa sababu ya tafsiri yangu, nikajilaumu hadi leo.)

Neno utandawazi lilipotua kwenye Kiswahili, haukupita muda watu wakaligeuza "utandawizi". Natabasamu kila nikilisikia, lakini sikubaliani nalo sana. Mwizi huja kiza kinene na haachi karatasi. Haya ninayoyasema hufanyika mchana, mbele ya kamera, na anayepoteza ndiye mwenye kalamu mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo sishawishiki na namna tunavyohubiriwa utawala bora. Tunaulizwa kama zabuni zilitangazwa, kama mkaguzi mkuu ana uhuru, kama mawaziri wametaja mali zao. Maswali ya maana, sina ugomvi nayo. Ila serikali inaweza kukosa mwizi hata mmoja na bado ikasaini kitu ambacho hakuna aliyekisoma hadi mwisho.

Tazama Pakistan. Mwaka 1959 ilisaini na Ujerumani Magharibi mkataba wa kuwalinda wawekezaji, wa kwanza wa aina hiyo duniani. Miongo iliyofuata mikataba ya sura hiyo iliongezeka hadi ikapita 2,000. Ilikuwa rahisi mno kuisaini. Kiongozi akienda ziara nchi ya mbali anahitaji kitu cha kutia saini mbele ya wapiga picha, na mkataba wa uwekezaji ulikuwa tayari umechapwa, kurasa chache, haudai hata senti. Ndani mna ahadi ambayo hakuna mwanasiasa angeikataa: mwekezaji atatendewa kwa haki na usawa. Nani asimame aseme yeye anataka kumtendea mtu bila haki? Kasoro ni kwamba anayepima hiyo haki si mahakama ya nchi iliyosaini. Ni jopo la wasuluhishi, kwa kawaida watatu, na kesi nyingi husikilizwa chini ya kituo cha usuluhishi kilicho ndani ya Benki ya Dunia, Washington, kilichoundwa mwaka 1966. Kituo hicho hakina ngazi ya rufaa. Uamuzi unaweza kubatilishwa kwa sababu chache tu, na wasuluhishi kukosea kutafsiri sheria si mojawapo.

Mwaka 2011 serikali ya jimbo la Balochistan ilikataa kutoa leseni ya kuchimba shaba na dhahabu mahali paitwapo Reko Diq. Aliyekataliwa alikuwa kampuni ya Tethyan, ubia wa Barrick ya Kanada na Antofagasta ya Chile. Kampuni haikuhangaika sana na mahakama za Islamabad. Ilichukua mkataba wa uwekezaji kati ya Pakistan na Australia ikaenda nao kwenye usuluhishi. Ilikuwa imetumia takriban dola milioni 220 kwenye utafiti, na mgodi wenyewe ulikuwa haujafunguliwa. Julai 2019 jopo likaamuru Pakistan ilipe karibu dola bilioni 5.8, riba ikiwamo, kwa sababu hesabu ilipigwa kwa kukadiria faida ambayo mgodi ungeleta kama ungekuwepo. Mwezi huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeidhinisha mkopo wa dola bilioni 6 wa kuinusuru Pakistan, ugawiwe kwa zaidi ya miaka mitatu, kila awamu na masharti yake. Weka namba hizo mbili sambamba uzitazame.

Siitetei serikali ya jimbo. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeshabatilisha mwaka 2013 makubaliano ya awali ya 1993, ikisema yalifungwa kinyume cha sheria, kwa hiyo uozo ulianzia nyumbani. Lakini hebu fikiria hali ya ofisa wa wizara anayeulizwa sababu ya hospitali kukosa fedha. Sera aliyoapa kuitekeleza iliamuliwa na saini ya mtu mwingine, miaka mingi nyuma, kwenye ziara ambayo picha zake zimeshafifia. Mwaka 2022 walipatana, na Barrick ikarudi Reko Diq kama mmiliki wa nusu.

Uruguay ilishinda kesi kama hiyo. Kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki mwaka 2010 kwa sababu ya onyo la afya lililofunika asilimia 80 ya pakiti ya sigara, na Julai 2016 jopo likaipa nchi ushindi. Watu husimulia kesi hiyo kama ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi. Mimi naona miaka sita ya mawakili, na naona kwamba gharama zilisaidiwa na taasisi ya bilionea wa Marekani, Michael Bloomberg, anayeichukia tumbaku. Si kila wizara ya afya ina bilionea wa kuichukia sigara kwa niaba yake.

Kwenye madeni mambo ni yaleyale, ila lugha ni kavu zaidi. Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania ili kununua matrekta na mashine za kilimo. Deni likalala, likaota riba. Mwaka 1999, wakati Zambia ikizungumza na Romania namna ya kulimaliza, kampuni iitwayo Donegal ililinunua kwa takriban dola milioni 3.3. Hao ndio wanaoitwa tumbusi: ndege asiyeua, anayesubiri mnyama apige magoti. Mwaka 2003 maofisa wa Zambia walisaini na Donegal makubaliano ya kulipa, na humo wakakubali kwamba nchi haitajikinga na mahakama za Uingereza kwa kigezo cha kuwa taifa huru. Donegal ikadai zaidi ya dola milioni 50. Aprili 2007 Mahakama Kuu ya London ikaipa kama milioni 15. Jaji hakufurahishwa na mwenendo wa Donegal, na alisema hivyo hukumuni. Lakini saini ya 2003 ilikuwa ni saini.

Kisa hicho kinanikera kuliko cha Pakistan ingawa fedha ni ndogo, kwa sababu ya mwaka 2003. Tumbusi alikuwa ameshatua, anaonekana, na bado mtu akampa karatasi. Nataka sana kujua usiku ule nani alikuwa mezani, alikuwa na wakili gani, na kama kuna yeyote aliyesema, "Subiri kidogo, hiki kifungu kinasema nini?" Mwaka 2008 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilianzisha chombo maalumu cha kuzisaidia serikali kupata mawakili wa kukabiliana na wadai wa namna hii na wa kujadili mikataba mikubwa. Bunge la Uingereza nalo likapitisha sheria mwaka 2010 ya kuwapunguzia tumbusi uwezo wa kudai nchi maskini zilizosamehewa madeni.

Hapa ndipo rafiki zangu wa siasa kali huanza kupiga makofi, wakidhani nimeshamaliza: wakubwa wanaonea, wadogo wanaonewa. Basi niiseme Msumbiji. Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu zenye mkono wa serikali zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya meli za kuvua jodari na ulinzi wa pwani. Waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitia saini hati za dhamana bila Bunge kupitisha. Nchi nzima ikawa mdhamini wa mkopo ambao haikuujua. Sehemu kubwa ya siri ilipofumuka mwaka 2016, Shirika la Fedha na wafadhili wakasitisha fedha zao, sarafu ikaporomoka, na waliobanwa ni watu ambao hawajawahi kupanda hata moja ya meli hizo. Chang alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Credit Suisse, benki ya Uswisi iliyopanga sehemu ya mikopo, ilikubali makosa na kutozwa faini mwaka 2021.

Wa nje na wa ndani walikutana kwenye jambo moja, nalo ni siri. Mwaka 2021 watafiti waliokusanya mikataba 100 ya mikopo ya China kwa nchi 24 walikuta vifungu vya usiri vikizidi kuwa vya kawaida, hata mkopaji akakatazwa kutaja masharti. Wachina si wao peke yao. Siri inamfaa mkopeshaji yeyote, kwa kuwa mdaiwa asiyejua mwenzake kapewa nini hawezi kulinganisha. Inamfaa pia waziri, kwa kuwa mbunge asiyeuona mkataba hawezi kuuliza. Tumezoea kuuita usiri huo "maslahi ya taifa", na mimi mwenyewe nimeutafsiri hivyo mara nyingi, kwa sauti tulivu ya kibandani.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa: basi tuwafundishe maofisa kusoma. Sasa sina uhakika kama linatosha. Chukua pamba. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilikwenda Shirika la Biashara Duniani kulalamikia ruzuku za pamba za nchi tajiri, hasa Marekani, zinazoangusha bei. Walikuwa wamesoma vizuri, na rais wa Burkina Faso alikwenda Geneva yeye mwenyewe kulieleza jambo hilo. Mkutano wa shirika hilo huko Cancún, Mexico, mwaka uleule ukavunjika. Wakati huohuo Brazili ilikuwa imeishtaki Marekani kwa ruzuku zilezile, kwa sheria zilezile, na ikashinda. Kisha ikatishia kulipiza, hadi kwenye haki za ubunifu za kampuni za Kimarekani, na mwaka 2014 Marekani ikalipa dola milioni 300 kumaliza kesi. Fedha hizo zilikwenda kwa wakulima wa Brazili. Chad na Benin zilikuwa zimeshiriki kesi hiyo kama nchi zenye maslahi. Kusoma walisoma. Walichokosa ni soko kubwa la kutishia nalo.

Au chukua upendeleo wa kibiashara, ambao si mkataba kabisa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani wakalalamika, Washington ikakumbusha kwamba msamaha wa ushuru uliotolewa chini ya AGOA, sheria ya Marekani kuhusu bidhaa za Afrika, ulikuwa na masharti, na wengine wote wakarudi nyuma isipokuwa Rwanda. Julai 2018 nguo za Rwanda zikasimamishiwa upendeleo huo. Hapo hapakuwa na "itafanya" wala "itajitahidi". Aliyetoa alichukua.

Kwa hiyo nguvu ipo, na hakuna semina ya kuisomea. Hata kwenye Shirika la Fedha lenyewe maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16, ambayo kwa hesabu ya darasa la nne ni kura ya turufu. Nyerere aliwauliza mabalozi mwanzoni mwa 1980 ni lini shirika hilo lilifanywa wizara ya fedha ya dunia. Sijaona aliyemjibu.

Ila kuna Botswana, na Botswana hunizuia nisikate tamaa kwa uvivu. Almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru. Serikali ilianza na asilimia 15 ya hisa za mgodi, na kufikia 1975 ilikuwa na 50. Haikutaifisha kwa hotuba. Ilirudi mezani. Haikuona haya kuajiri wataalamu wa nje wakakaa upande wake, na mikataba ya mauzo iliyofuata ilikuwa na tarehe ya mwisho, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa De Beers, kampuni ya almasi iliyokuwa mbia wake, ililazimika kubisha hodi upya. Mwaka 2011 ikakubali kuhamisha mauzo ya almasi ghafi kutoka London kwenda Gaborone. Mkataba uliosainiwa Februari 2025 unaipa kampuni ya serikali asilimia 30 ya almasi zinazochimbwa, ikipanda ngazi hadi 50. Ukiniuliza siri yao, nitasema ni tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hupigania asilimia na kusahau kuuliza mkataba utakufa lini.

Na bado dunia iliwafuata. Almasi za maabara zimeshusha bei, na uchumi wa Botswana ulisinyaa mwaka 2024. Hakuna kifungu kinachozuia mashine ya mtu mwingine kutengeneza kile ulichojaliwa ardhini.

Nirudi kwenye rasimu yangu ya rangi mbili. Siku ya kikao ilipofika, ibara zilipita moja baada ya nyingine kama kawaida. Ujumbe mmoja mdogo ulikuwa na watu wawili tu: mkuu wake, aliyekuwa ameitwa kwenye simu nje, na kijana aliyekuwa akibeba mafaili. Kijana akainua kibao cha nchi yake. Kwa heshima nyingi akasema kwamba katika ibara iliyo mezani upande wao "utafanya" na upande wa pili "utajitahidi", na kwamba ujumbe wake hauna shida na neno lolote kati ya hayo mawili mradi liwe moja. Mwenyekiti akasema hilo ni suala la mtindo wa uandishi. Kijana akashukuru, akasema kama ni mtindo tu basi kulibadilisha hakumgharimu mtu.

Nilikuwa nimewasha kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii sauti yangu ilitetemeka.

Mapumziko ya dakika kumi na tano yakawa saa mbili. Waliporudi walikuwa na sentensi mpya: pande zote mbili "zitafanya kila jitihada". Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, na nje tayari dereva wa basi la wajumbe alikuwa amewasha injini. Kijana akasema hana pingamizi kwa ibara hiyo. Kisha akafungua daftari, na nikaona kutoka kibandani kwamba naye alikuwa na kalamu mbili. Akasema bado kuna sehemu nyingine thelathini na moja, na akaomba ruhusa aanze na iliyo ukurasa wa kumi na mbili.